Siku moja maishani mwangu: mtendaji wa kijiji na rejista yake

Wengi wakiiona bendera mbele ya ofisi ya kijiji hudhani kwamba ndani yake ameketi mtu anayesubiri kugonga muhuri tu. Mimi ni Afisa Mtendaji wa Kijiji katika mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Dodoma, kijiji chenye vitongoji vitano, na muhuri ndio sehemu ndogo kabisa ya kazi yangu.

Saa 12 asubuhi nilipandisha bendera, nikafagia ofisi mwenyewe kwa kuwa hatuna mhudumu. Kufikia saa 3 nilikuwa nimeandika barua tatu za utambulisho na kuingiza msiba mmoja katika rejista ya wakazi.

Ndipo alipoingia kijana mwenye begi mgongoni, akanipa shikamoo ya haraka na kuomba barua ya kuthibitisha ukaazi, kwa ajili ya maombi ya kitambulisho cha taifa. Nilifungua rejista ya kitongoji alichokitaja; jina lake halikuwamo. Nikamtaka aje na mwenyekiti wa kitongoji. Alirudi baada ya saa nzima, peke yake, amefura.

“Mtendaji, mimi nilihesabiwa hapa hapa kwenye sensa. Serikali inanijua, wewe ndiye hunijui.”

Nilimweleza kwa upole kwamba Sensa ya 2022 ilimhesabu kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, hata kama alikuwa mgeni aliyefuata harusi, na kwa njia hiyo ikapatikana idadi ya watu 61,741,120 kwa nchi nzima. Taarifa za mtu mmoja mmoja ni siri kwa mujibu wa sheria, wala haziletwi mezani kwangu. Rejista ya kijiji inauliza jambo jingine: nani anaishi hapa, katika kaya ya nani, ametoka wapi na amehamia wapi. Mara ya pili nilimweleza kwa sauti kavu. Mara ya tatu waliokuwa kwenye benchi walinisaidia kumweleza, msaada ambao sikuuomba na ambao ulimpandisha hasira zaidi.

Saa 6 mchana bibi yake alifika na mkongojo wake, ameongozana na mwenyekiti wa kitongoji. Nilitoa kabatini rejista ya zamani, ambayo mchwa wameshaila pembe, tukapekua kaya ya bibi ukurasa kwa ukurasa. Jina lilikuwapo, limekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake mtangulizi wangu alikuwa ameandika: “Amehama na mama yake, Dar.” Kijana akanyamaza. Sikuweza kuandika kwamba ni mkazi, kwa hiyo niliandika ninachokijua: kwamba amewahi kuishi hapa utotoni, bibi yake ni mkazi, na yeye alihamia Dar es Salaam. Aliipokea barua kama mtu aliyepunjwa chenji.

“Mwanangu,” bibi aliniambia mlangoni, “mrudishe hata kwa penseli.”

Chakula cha mchana kilinipita. Wazee wawili walinichukua hadi shambani, ambako mikonge iliyokuwa mpaka wa mashamba yao ya alizeti ilikuwa imeng’olewa, na kila mmoja alitaka niamue palepale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi, haikumkabidhi mtendaji, na kauli hiyo mchana kweupe juani humfanya mtu aonekane mwoga. Nikasikiliza, nikapima kwa hatua, nikaandika kwa ajili ya kikao.

Njiani kurudi simu iliita: idadi ya watoto walio chini ya miaka mitano kwa kila kitongoji inatakiwa kesho, saa 3 asubuhi. Jua lilikuwa linazama niliposhusha bendera. Vitongoji vinne nimevipata kwa simu, nikiandika kwa mwanga wa tochi. Cha tano hakina mtandao, kwa hiyo saa 11 alfajiri nitapanda bodaboda, na nauli itatoka mfukoni mwangu.