Njia kwanza: siku yangu moja ya kusuka nywele Wete

Saa 12:30 asubuhi. Nishasali, nishakunywa chai na boflo, watoto wameshaondoka kwenda skuli. Nafagia chumba cha uani ninachosukia, natandika mkeka, nashusha pazia la mlango. Machanuo yangu matatu nayaosha kwa maji ya moto na sabuni: la meno mapana, la meno membamba, na lile lenye mkia mrefu wa chuma. Hilo la mkia siazimi kwa mtu wala simuazimi mtu.

Saa 2:00. "Hodi!" "Karibu dada, pita ndani." Anavua buibui, anafungua ushungi. Kama wateja wangu wengi hapa Pemba, haungi nywele, kwa sababu ya dini. Anataka msuko uitwao "twende kilioni", mistari 8 ya nywele zake mwenyewe. Watu hudhani msuko usio na rasta za kuunga ni kazi nyepesi. Mimi naona ndio mgumu. Rasta hujaza na kuficha. Nywele tupu hazifichi kitu. Njia, yaani ule mstari wa ngozi unaogawa nywele, ikipinda kidogo utosini inaonekana mpaka kisogoni.

Jana nilimwambia aoshe kichwa usiku ili aje zimekauka, na amefanya hivyo. Nywele mbichi sizipasui njia, maana zinavutika, na zikikauka zinajikunja, na mstari wote unavurugika. Napaka mafuta ya nazi kidogo, nafumua mafundo kuanzia nchani kurudi shinani.

Sasa njia ya kati, na hapa siharakishi hata akiwa na safari. Namkalisha chini mbele ya kigoda changu, kichwa kimenyooka, asiiname. Ncha ya mkia naiweka kwenye paji la uso, sawa na mfupa wa pua. Siifuati mipaka ya nywele zenyewe, kwani vichwa vingi haviko sawa kushoto na kulia. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kinatangulia juu ya ngozi, ncha inakifuata nyuma, wala siinyanyui mpaka ifike kwenye kishimo cha kisogo. Kisha nachana huku na huku nitazame. Ngozi inatokeza nyembamba kama uzi. Nywele mbili tatu zimevuka mpaka. Nazirudisha kwao moja moja, napitisha kidole chenye mafuta zilale. Upande mmoja naubana kwa kibanio.

Njia hiyo ikikaa, nyengine zote zinapimwa kwayo. Kila upande naupasua katikati, kisha kila nusu naipasua tena katikati. Nimeona wasusi wanaoanza sikioni wakahesabu kwenda upande wa pili. Mstari wa mwisho huwa mnene kama mkungu wa ndizi au mwembamba kama mkia wa panya.

Bibi yangu alikuwa msuka mikeka. Asubuhi nzima alikuwa akichana ukindu, anaulinganisha upana, kabla hajasuka hata shubiri moja ya ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka. Kuchana na kusuka, maneno ni yale yale kwenye ukindu na kwenye nywele, na mimi naamini mikono yangu imetoka kwake.

Saa 4:30 tumemaliza. Dada anapitisha kidole kwenye njia, kutoka mbele hadi nyuma, anatabasamu, anafunga ushungi. Kuna wanaoniuliza kwa nini nijichoshe na kitu kinachofunikwa. Mumewe ataona. Mama yake ataona. Kwenye harusi, wanawake wenzake wote wataona. Na si uzuri tu. Njia zikilingana, kila mstari unabeba nywele sawa na mwenzake, mvuto unagawanyika. Pale nywele chache zinapokazwa sana, ndipo zinapokatika. Wanawake wangapi nimewafungua ushungi nikakuta pembeni mwa paji pamebaki utupu! Inaniuma kila mara.

Adhuhuri nasali, nakula wali na mchuzi wa samaki wa changu, nanyoosha mgongo.

Saa 8:00. Mama mmoja kaja na mjukuu wake wa miaka 7, anataka asukwe kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Ni msimu wa karafuu. Mama katoka kuchambua karafuu, kuzitoa kwenye makonyo yake, chumba kizima kinanukia. Mtoto namgawa vimraba, navipishanisha kama matofali ya ukuta, mstari wa juu usiangukie mstari wa chini, ili ngozi isionekane mfereji mmoja mrefu. Nimeshasuka viwili nyuma ya sikio, mtoto kageuka kumtazama paka, ncha ikateleza ikakata kona. Nafumua vyote viwili.

"Acha tu mwanangu, ataenda nayo hivyo hivyo," ananiambia mama.

"Hapana mama yangu, kila nitakachosuka juu yake kitapinda vile vile."

Mtoto nampa kitana akishike, na akiwa na kitu mkononi anatulia. Nachora upya.

Alasiri hadi karibu na magharibi wanakuja wawili, misuko ya kawaida. Vidole vimeanza kukaza, navikanda kwa mafuta ya moto kidogo.

Saa 2:00 usiku. Binti yangu ana miaka 11 na anataka kujifunza. Leo nimekaa mimi chini, yeye kwenye kigoda, nimempa chanuo la mkia. Naisikia ncha baridi kwenye paji langu, inapanda, inafika utosini, inasita, inanyanyuka.

"Umenyanyua," namwambia.

"Kidogo tu, mama."

"Chana zote, rudi mwanzo."

Anazichana, anaweka kidole gumba mbele, anaanza tena juu ya pua.