Mzinga wa Rufiji

Baba mkwe alipokuja Mombasa kutoka Rufiji, kule kwenye delta, nilishapanga pa kumpeleka: Fort Jesus. Mgeni wa Mji wa Kale haondoki bila kufikishwa Ngomeni. Nilitaka kumsimulia Wareno walivyoijenga kuanzia 1593, kwa ramani ya Mtaliano Cairati, na Waomani walivyoizingira tangu 1696 mpaka ikaanguka Desemba 1698, njaa na maradhi vikiwa vimewamaliza waliokuwa ndani. Halafu Mwingereza akaja kuigeuza jela.

Simulizi hiyo hatukuifikia. Mle ngomeni, mzee alinasa kwenye mizinga miwili ya meli za kivita.

"Hii ya nani?"

"Huu wa Königsberg, baba, ya Wajerumani. Ule wa Pegasus, ya Waingereza."

Mahasimu wamewekwa pamoja. Tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa Unguja ikitengenezwa mitambo, Königsberg ikaipiga kutoka mbali, ambako makombora ya Pegasus hayakufika. Ikazama siku hiyohiyo. Ukiitazama midomo ya mizinga hiyo hutaona tofauti kubwa; umbali ndio ulioamua.

Mzee hakuwa na haja na Unguja. Aliweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa upesi kwa joto la jua la saa saba, kisha akaanza kuukwangua mzinga wa Mjerumani kwa ukucha.

"Meli yenyewe ilifia kwetu," akasema.

Kweli. Ilijificha deltani, Waingereza wakaipata, na Julai 1915 mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yote 10 ikatolewa, ikapigana nchi kavu.

"Ikatolewa na nani?" Mzee akanigeukia. "Unadhani Mjerumani aliibeba begani? Wazee wetu waliikokota kwenye tope la mikoko. Hawakuombwa."

Kundi la wanafunzi lilikuwa limeshatuzunguka. Mwalimu wao akawanyamazisha, na yule kijana wa kutembeza wageni, aliyekuwa ameanza habari za Wareno, akaacha naye akasikiliza. Kusema kweli, hakuna aliyetamani aendelee.

Mtoto mmoja akauliza, "Babu, ulikuwepo?"

"Mie? Sikuwa nimezaliwa. Lakini mabaki ya meli niliyaona kwa macho yangu, kabla hayajamezwa na tope. Tulikuwa tukifunga ngalawa hapo, tunavua."

"Mlikuwa mnapata?"

"Hongwe," akasema mzee. "Wakubwa hivi!"