Ngano ya Pennsylvania

Tangu tunatoka Frederick, Maryland, kwenda Gettysburg, uwanja wa mapigano ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, shemeji alikuwa ananisumbua kwa swali lile lile. Watu wa majimbo ya Kusini si walitaka kujitenga tu wakae kwao? Sasa walifuata nini Pennsylvania?

"Mke akishadai talaka," alisema, mkono mmoja kwenye usukani, "jikoni kwa mumewe anarudi kufanya nini?"

"Kula, shemeji."

Alicheka, lakini sikuwa natania. Ilikuwa mwisho wa Juni, mwezi ule ule waliopita wao mwaka 1863, na pande zote za barabara namba 15 ngano ilikuwa imeiva, rangi ya dhahabu. Maghala mengine makubwa kuliko nyumba za wenyewe. Virginia, jimbo la Kusini, ilikuwa imekanyagwa na majeshi mawili kwa miaka miwili. Jenerali Robert E. Lee wa Kusini alishinda mapigano ya Chancellorsville, hukohuko Virginia, mwezi Mei, lakini ushindi haupikwi ukalika. Akavuka mto Potomac na watu kama 75,000, ili wale vya adui, na wakulima wa Virginia nao wapate nafasi ya kuvuna.

Walichukua ng'ombe, farasi, unga, viatu. Amri ya Lee ilikuwa walipe, nao wakalipa kwa noti za serikali yao ya uasi, ambazo mwenye duka wa Pennsylvania angefungia labda maandazi. Mji wa York ulidaiwa dola 100,000 taslimu. Zikapatikana kama 28,000.

Hesabu nyingine ilikuwa ya siasa. Kaskazini kulikuwa na watu waliochoshwa na vita, na Lee aliamini kipigo kwenye ardhi yao wenyewe kingewapa sauti ya kumlazimisha Rais Lincoln akae mezani. Hilo shemeji alilielewa haraka kuliko la ngano.

Gettysburg ni mji mdogo ambako barabara za kila upande zinakutana, ndiyo maana majeshi yakagongana pale. Kichekesho ni kwamba siku ya kwanza, Julai 1, kikosi kizima cha Kusini kiliingia kikitokea kaskazini.

Tulikatiza kwa miguu uwanja ambao watu wa Lee kama 12,500 waliuvuka Julai 3 wakielekea mizinga ya Jenerali Meade wa Kaskazini, juu ya kilima. Ni zaidi ya kilomita moja, hakuna hata mti wa kujificha. Tulifika juu tunatiririka jasho, na sisi hakuna aliyekuwa anatupiga risasi. Nusu yao hivi hawakurudi salama. Kwa siku tatu, pande zote mbili, waliokufa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea walikaribia 51,000.

Juu pale ipo nyumba ndogo nyeupe. Nilikaa kivulini kwake muda mrefu kuliko kwenye sanamu zote. Ilikuwa ya Abraham Brian, mkulima mweusi, mtu huru, mwenye eka 12. Familia yake ilikimbia kabla jeshi halijafika, na walijua wanakimbia nini: pamoja na ng'ombe na unga, askari wa Lee walikuwa wanakamata watu weusi wa Pennsylvania na kuwapeleka kusini utumwani.

"Kumbe nao walikuwa mavuno," shemeji alisema.

Brian alirudi akakuta mazao yamesagwa na nyumba imetobolewa. Akaiandikia serikali kuomba fidia ya dola 1,028. Alilipwa 15.