Tuliuzwa Kericho

Nauli ya Kisumu hadi Nakuru ilikuwa imepanda tena, na makanga akaniapia kuwa gari lake halisimami njiani. Tulipofika Kericho tukaambiwa tushuke. Tumeuzwa! Gari la pili lilikuwa na abiria wawili, kiti changu sponji nje, na makanga wake akadai tuongeze shilingi mia, eti alichopewa na mwenzake hakitoshi. Nilibisha weee, kisha nikalipa. Mvua ya Kericho haikupi nafasi ya kugoma.

Basi tukangoja lijae. Binti aliyeketi kando yangu alifungua kompyuta mapajani; kioo kimejaa vitone vya rangi vilivyokusanyika mafungumafungu. Nikamuuliza ni nini hivyo.

"Kila kitone ni kiini cha atomu kilichopita, baba," akanijibu. Anasomea uzamili wa fizikia, upande wa viini visivyodumu. Akanitajia lithiamu-11: protoni 3, nyutroni 8, na nusu yake huoza, yaani hugeuka viini vingine, kabla ya sehemu 9 za elfu za sekunde kutimia.

Nikamuuliza, sasa utachunguzaje kitu kinachokufa kabla hujakiangalia?

"Tunakitengeneza kikiwa mbioni."

Mashine inarusha viini vizito vilivyo imara vigonge kibati chembamba. Vinavunjika, na vipande vinaendelea na safari kwa kasi karibu ile ile. Sumaku zinapinda njia zao na kuchuja vinavyotakiwa, halafu vitambuzi vinapima muda vilivyotumia na nishati vilivyopoteza. Kwa nusu ya kasi ya mwanga, akasema, lithiamu-11 ingefuata barabara Kisumu hadi Mombasa, igeuze, ikafie njiani ikirudi. Kwenye maabara inahitaji makumi ya mita tu! Nikatazama nje. Makanga alikuwa bado anaita, "Nakuru wawili!", na viti vitupu vilikuwa sita.

Mwaka 1985 huko Berkeley, Tanihata, Mjapani, na wenzake waliirusha hiyo lithiamu, wakaona inagongana na vitu mara nyingi kuliko udogo wake unavyoruhusu. Kumbe nyutroni zake mbili huzurura mbali nje, hata upana wake unakaribia wa kiini cha madini ya risasi chenye chembe 208. Leo kazi hii inafanyika mji wa Wako kule Japani, na Michigan, Marekani, ambako mashine mpya ilifunguliwa 2022.

Aliposikia natoka Kakamega, akacheka. "Kwa wenye dhahabu!"

Dhahabu yenyewe ni imara, akaeleza, lakini sehemu kubwa yake ilizaliwa kutokana na viini vya namna hii, vilivyomeza nyutroni harakaharaka kuliko vilivyoweza kuoza. Nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zilizogongana, zikaonekana mwaka 2017, zilitoa mwanga wenye dalili za kazi hiyo. Vingi vya viini hivyo havijawahi kupimwa na maabara yoyote.

Nikawaza akina mama wa Rosterman, machimbo ya dhahabu ya kwetu Kakamega, mikono ndani ya karai la tope na zebaki. Wazungu walikimbilia dhahabu yetu miaka ya 1930, wakachimba, wakaenda zao. Mama hao bado wanaosha mchanga, na mizani ni ya mnunuzi. Kukadiria bei ya jasho lao hakuhitaji mashine ya Michigan, lakini hilo nalo halijapimwa.

Gari lilijaa jioni. Salgaa tuliipita gizani, binti amelala, kompyuta kaikumbatia. Nakuru, mwenye bodaboda akanitajia mia mbili hadi mtaa wa Section 58. Nikatembea.