Matopeni Mida si pa kupanda mikoko

Picha za watu wakipanda mikoko huenea mitandaoni kila mara, nami sina ugomvi na mikoko hata kidogo. Ninachotaka kueleza ni kwamba katika hori ya Mida, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, sehemu inayowafaa zaidi ndege wahamiaji ni ile isiyo na mti hata mmoja: uwanda wa matope na mchanga unaobaki wazi maji yanapokupwa.

Matope hayo yamejaa kaa, minyoo na konokono wadogo, na kwa ajili hiyo ndege wa pwani huanza kuwasili kuanzia mwezi wa Agosti. Baadhi ya vitwitwi hutoka kaskazini kabisa mwa Siberia, wakazaa huko katika kiangazi kifupi, kisha wakaja kukaa kwetu hadi Aprili. Kabla ya kuondoka hula mfululizo ili wajaze mwilini mafuta ya safari, kwa hiyo anayewanyima malisho mwezi wa Machi huwaharibia hata uzazi wa Juni.

Ndege ninayempenda kuliko wote ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayejulikana kwa wataalamu kama Dromas ardeola. Hutembea taratibu, hukimbia ghafla hatua chache, humchoma kaa kwa mdomo na kumtikisa mpaka magando yamtoke. Huyu hatoki Siberia. Huzaa katika visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba ya Uajemi, Oman na Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo refu na kutaga humo yai moja jeupe, joto la mchanga likimsaidia kuliatamia. Kinda huandamana na wazazi hadi huku kwetu, na hata baada ya safari hiyo yote utamwona bado akimfuata mzazi na kuomba kulishwa.

Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ndege hawa wote husongamana katika sehemu chache zilizobaki kavu. Mbwa mmoja aliyeachiwa huru, au mtalii anayetaka kupiga picha kwa karibu, huwarusha wote, na kila wanaporuka hutumia yale mafuta waliyoyatafuta kwa shida.

Mida imo katika eneo la hifadhi ya bahari lililotengwa tangu mwaka 1968, na mwaka 1979 UNESCO iliitambua sehemu hii ya pwani kuwa hifadhi ya bayongahewa (biosphere reserve). Hata hivyo sheria ya kuzuia ukataji wa mikoko haimzuii mtu mwenye nia njema kuchomeka miche mahali pasipostahili. Katika matope ya chini, yanayofunikwa na maji kwa saa nyingi, miche mingi hufa. Na ikiwahi kushika, mizizi huziba malisho, na ndege hawa hukwepa kula karibu na miti kwa kuwa hawawezi kumwona mwewe akija. Mkoko, mchu na mkandaa, ambazo zote ni aina za mikoko, zina mahali pake, juu zaidi, na kwenye visiki vya miti iliyokatwa zamani ndiko ningependa vikundi vya upandaji vipeleke miche yao.