Kifungu cha Tisa

Karatasi ilifika Wete, Pemba, ndani ya bahasha ya khaki, kurasa nne, zote Kiingereza. Ilikuwa Januari 2018. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayajatoka, na nyumba nzima ilishanihesabu kuwa ndiye mwenye Kiingereza. Ndiyo nikapewa kazi ya kumsomea baba mkataba wa mdogo wangu.

Klabu ni ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara, sitaitaja. Watu wao walikuja uwanja wa Gombani kufanya majaribio ya akademi yao ya bweni, watoto wakachujwa siku mbili juani, na mdogo wangu, miaka 14, winga wa timu ya watoto, Juvenile, ya mtaani kwetu, akawa mmoja wa wawili waliobaki. Anayeikumbuka hali ya visiwani wakati ule atanielewa. Mwezi mmoja nyuma timu yetu ya taifa, Zanzibar Heroes, ilikuwa Kenya kwenye CECAFA, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati. Iliwafunga Bara 2-1, ikawatoa Uganda nusu fainali, ikafika fainali na kulikosa kombe kwa penalti tu mbele ya wenyeji. Bibi yangu, ambaye mpira anauita kukimbizana, alikesha na redio usiku ule.

Kikao kilikaa baada ya Isha, ukumbini, juu ya mkeka. Baba, mama, bibi, na ami yangu aliyetoka Mkoani makusudi. Mwenye shughuli yake aliambiwa akalale. Nikiona vidole vya miguu yake chini ya pazia la mlango.

Ami ndiye aliyekuwa wakili wa klabu.

"Huku ataishia wapi, kaka? CAF, hao wakubwa wa mpira wa Afrika, si walitupa uanachama Machi? Julai wakaupokonya. Mlango wetu ni mmoja tu, wa Bara. Bora aingie angali mdogo." Akamtaja Samatta, yuko Ubelgiji, Genk, wanamwimba.

"Samatta alipita African Lyon, akaja Simba, akenda Mazembe," baba akasema. "Na hawa vijana wa Heroes? Feisal yuko JKU hapo Unguja. Nani kamweka bwenini?"

"Na hao wangapi waliobaki njiani, tunawajua?"

Ami hapo alisema kweli, ingawa kwa upande usio wake. Waliobaki njiani hatuwajui, wala wa mtaani wala wa akademi.

Bibi aliuliza nani atamwamsha alfajiri. Mama aliuliza akiumwa nani atamshika. Hayo karatasi iliyajibu, au tuseme nusu yake: kifungu cha nne kilisema matibabu ni juu ya klabu, cha tano kilisema chakula, malazi na skuli ni juu ya klabu pia. Nilivisoma pole pole, neno kwa neno, na nikamwona mama anashusha mabega. Kwa kweli vilikuwa vifungu vizuri. Mtoto aliyekuwa akicheza peku kwenye uwanja wa mchanga na mawe, leo apewe viatu, daktari, kocha aliyesomea kazi yake na nyama mara tatu kwa wiki. Mimi mwenyewe ningekwenda.

Nieleze hapa jambo ambalo halikusemwa kikaoni. Mikarafuu yetu mwaka ule haikuzaa. Serikali ilikuwa ikinunua kilo ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000, bei nzuri, lakini bei nzuri haimsaidii mtu asiye na gunia. Na mimi nilitaka kwenda kidato cha tano Unguja, jambo lenye nauli, chakula, na jamaa wa kumtia mkononi kidogo kila mwezi kwa ajili ya kitanda. Nilipomwambia baba, alikuwa anasuka tenga. Akasema, "Ukifaulu tutaona," akaendelea kusuka. Kikao changu mimi kilikuwa hicho. Cha mdogo wangu kilichukua usiku mzima na birika mbili za kahawa.

Basi nikafika kifungu cha tisa. Kilisema klabu inaweza kumwachilia mchezaji mwisho wa msimu wowote, au hata kabla, ikiona kiwango chake hakiridhishi. Na ikishamwachilia haitakuwa na dhamana yoyote, ya masomo wala ya jengine. Nilikisoma kimoyomoyo mara mbili. Kiingereza chake hakikuwa kigumu.

"Cha tisa," nikasema, "kila mwisho wa msimu watampima kiwango."

"Watampima vipi?" baba akauliza.

"Kama mtihani wa skuli."

Nikaingia cha kumi, kinachohusu jezi na picha za matangazo. Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Sikusema uongo, kama mtu akitaka kuhesabu hivyo. Lakini najua niliharakisha wapi na nilitulia wapi, na najua nilikuwa nahesabu nini kichwani: mmoja akilishwa na klabu, pesa ya mwengine inapatikana.

Baba alitia saini asubuhi. Siku ya safari tulimsindikiza Mkoani, mama akamfungia mkate wa mofa kwenye taulo, boti ikaondoka. Matokeo yangu yalikuwa mazuri. Nikenda skuli ya Lumumba, Unguja.

Mwaka wa mwanzo simu zake zilikuwa za furaha. Uwanja wa nyasi, mazoezi mara mbili kwa siku, sasa anapiga krosi kwa mguu wa kushoto. Skuli hakuizungumza sana, na nilipomhoji alikiri kuwa mchana analala juu ya dawati, na mwalimu anamwacha kwa sababu ni mtoto wa timu. Mwaka wa pili alivunjika kifundo cha mguu. Hapa niwatendee haki: alipigwa picha, akafungwa plasta, akapewa mtu wa kumfanyisha mazoezi ya kurudi. Angekuwa Wete angekandwa mafuta na kusomewa, basi. Lakini mguu ulipopona, winga mwengine alikuwa ameshaletwa.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba leseni ya klabu ya CAF inadai klabu iwe na mpango wa kukuza vijana. Ni jambo jema, ila lilinifungua macho: klabu inaweza kuwahitaji vijana kama kundi, bila ya kumhitaji yeyote kati yao kwa jina. Bwenini kwao walikuwa 22. Waliopandishwa msimu ule ni watatu.

Alirudi Mei 2019, katikati ya Ramadhani, baada ya baba kupigiwa simu moja isiyofika dakika tano. Nilikuwa nyumbani nasubiri Idi. Amerefuka, sauti imekatika, na badala ya skuli anasema "shule". Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Skuli yenyewe ilimrudisha kidato cha pili, kukaa na watoto waliokuwa nyuma yake.

Siku ya tatu, saa kumi na moja hivi, nakuna nazi ya futari, akaja akakaa kizingitini. Mkononi ana ile bahasha ya khaki. Sikujua kama alikwenda nayo.

"Dada, hebu nisomee cha tisa."

Nikaweka mbuzi kando, nikajifuta mikono. Nikakisoma chote, kwa Kiswahili, mpaka pale pa masomo na dhamana.

Alisikiliza huku anachora mchangani kwa kidole cha mguu, ule wa kushoto.

"Usiku ule nilikuwa nyuma ya pazia," akasema. "Hukusoma hivi."

"Sikusoma hivi."

"Ungekisoma hivi baba angekataa."

"Angekataa."

Akanyamaza. Nje wenzake walikuwa wanapita na mpira, mmoja akamwita kwa lile jina lake la zamani la utotoni. Akaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ile ile, akairejesha ndani ya bahasha, akaniwekea juu ya ungo wa mchele. Halafu akatoka kuwafuata, na mimi nikabaki natafuta pa kuiweka.