Gundi ilivyonifundisha kuogopa sakafu

Moto haukuanzia kwenye gundi. Hilo ndilo lililonisumbua wiki nzima baadaye. Kopo lilikuwa chini, karibu na meza ya kukatia ngozi. Jiko la chai lilikuwa mlangoni. Katikati palikuwa na hatua nne za sakafu ya saruji, tupu, imefagiliwa asubuhi ileile. Kijana wangu alikuwa amechuchumaa anamimina gundi kutoka kwenye debe kwenda kwenye kopo dogo, mara nikaona mwali mwembamba umetoka jikoni, ukatambaa chini kama paka anayenyemelea panya, ukafika kwenye kopo kabla sijamaliza kusema "angalia".

Ilikuwa Juni, Ngarenaro, Arusha. Anayeijua Arusha ya Juni ameshajua tulichokuwa tumefanya: dirisha limefungwa, mlango umerudishwa nusu, jiko limesogezwa ndani ili vidole visigande. Tunatengeneza sendo za ngozi, zile za shanga ambazo wageni wananunua wakitoka mbugani, na Januari ikikaribia tunaingiza viatu vya shule. Soli haikai bila gundi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu anayetengeneza katambuga za matairi hunicheka kila nikipita kumwamkia. Yeye ana kisu, nyundo na misumari, basi. Siku ile alikuja kutazama, akaitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Mimi msumari haujawahi kuniunguza, mama."

Tuliuzimaje? Kwa bahati, na kwa jirani yangu fundi wa mageti. Dada mmoja alikuwa ameshakimbilia ndoo ya maji, jirani akampigia kelele aiweke chini. Gundi ikimwagiwa maji huelea juu yake, na maji yanausambaza moto hadi pembeni ambako ulikuwa haujafika. Yeye alichota mchanga kwa koleo kwenye lundo lililobaki baada ya ujenzi wa fremu za nyuma, akaumwaga sakafuni. Mimi nililifunika kopo kwa mfuniko wa sufuria. Ukafa. Kijana aliungua mguu, kuanzia kifundo hadi karibu na goti. Tukamkalisha bombani, maji ya kawaida yakatiririka juu ya jeraha dakika 20 kamili kwa kutazama saa. Watu watatu walifika na dawa ya meno mkononi, nikawafukuza wote watatu. Hospitali walimfunga, na baada ya wiki tatu akarudi kazini, akakaa mbali na debe kama mtu aliyeumwa na nyoka.

Nilikuwa nimefanya kazi na gundi miaka tisa. Nilijua inawaka, nani asiyejua? Nilichokuwa sijui ni kwamba inaweza kuwaka nikiwa nimeiweka mbali.

Nikaenda kwa muuzaji kudai ile karatasi ya maelezo ya usalama. Alinizungusha siku kadhaa, anasema hakuna mteja aliyewahi kuiomba, mwisho akaipata kwa aliyemletea mzigo. Mtu asikwambie haipo. Kila kemikali ya namna hii huwa na karatasi yake, ina sehemu 16, na kwetu Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye anayesimamia kemikali za viwandani kwa sheria ya mwaka 2003. Nikakaa nayo usiku na mpwa wangu wa kidato cha nne, yeye anasoma, mimi nauliza.

Gundi yetu ya njano ni mpira wa kutengenezwa, polikloropreni, ulioyeyushwa ndani ya vimiminika vinavyoruka upesi: tolueni, asetoni, na aina nyingine huwa na heksani. Mpira ndio unaoshika soli. Vile vimiminika ni wapagazi tu, wanaubeba mpira hadi kwenye ngozi kisha wanaondoka zao. Wanakwenda wapi? Hapo ndipo nilipokuwa sijawahi kufikiri. Mvuke wa tolueni ni mzito kama mara tatu ya hewa. Haupandi darini kama moshi wa kuni. Unashuka, unalala sakafuni, unatambaa kufuata mteremko na upepo, na fremu yangu ina mteremko kuelekea mlangoni ili maji ya kudeki yatoke. Mlangoni ndipo lilipokuwa jiko. Tolueni ikifika sehemu moja na kidogo tu katika kila mia ya hewa, cheche inatosha. Mwali ukishawaka unarudi ulikotoka mvuke, na ndivyo ulivyorudi kwenye kopo la kijana wangu.

Halafu ile habari ya joto. Tolueni hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia nyuzi joto 4. Asetoni huanza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Sisi Julai tunatetemeka kwenye nyuzi 12 tunadhani baridi inatulinda. Mpwa wangu alicheka akasema asetoni ingewaka hata pembeni ya barafu ya Kibo. Hakuna mtu mwenye akili atakayemimina petroli karibu na jiko. Gundi tunaimimina kwa sababu ni nzito, inavutika kama asali, na macho yakiona asali mkono hauogopi.

Cha kwanza nilichobadilisha ni ukuta. Nilimwomba mwenye fremu ruhusa ya kutoboa. Alidhani nimechanganyikiwa, maana madirisha ninayo. Lakini madirisha yako kifuani, na adui yangu yuko kwenye vifundo vya miguu. Mwashi akang'oa tofali mbili chini kabisa, nyuma, akaweka zile za matundu. Mlango ukiwa wazi upepo unaingia mbele, unafagia sakafu, unatokea nyuma uani ambako hakuna mtu wala moto. Kwa pesa niliyotumia, sijawahi kufanya matengenezo yenye maana kuliko hayo.

Feni nayo nilikuwa nimeiweka vibaya. Nilikuwa nimeielekeza ivute harufu na kuitoa nje, kumbe mvuke wote unapita kwenye mota, na mota ya feni ya kawaida inaweza kutoa cheche ndani yake. Sasa feni iko upande wa hewa safi, inasukuma kutoka mlangoni kuja ndani. Inawashwa kabla debe halijafunguliwa na haizimwi mpaka harufu iishe. Swichi ya taa vilevile: harufu ikiwa kali hatuigusi, kuwasha wala kuzima. Simu zinakaa kwenye kikapu nje ya chumba cha gundi, jambo ambalo vijana walilipinga kuliko mengine yote.

Jiko lilihamia uani upande wa pili, na chai inakuja kwa chupa.

Kuhusu makopo nilishinda kwa ujanja. Niliwaambia vijana wasiache gundi wazi, wakaitikia "sawa dada", wakaendelea kuiacha wazi. Hotuba ya moto ina nguvu siku nne, ya tano wamesahau. Nikabadilisha wimbo. Niliwaonyesha tunanunua thina kiasi gani kwa mwezi kwa sababu gundi iliyoachwa wazi inakuwa nzito, na nikasema nusu ya kitakachookolewa ni posho ya chakula chao. Wenyewe wakatengeneza vifuniko vya bati vyenye tundu dogo katikati, mpini wa brashi unapita, kopo limefungika. Sasa nikiacha kopo langu wazi wananigombeza mimi.

Debe kubwa halilali ndani. Lipo kwenye sanduku la chuma uani, kivulini, lina kufuli, na asubuhi tunatoa gundi ya siku hiyo tu. Kufuli ni la sababu mbili. Wapo watoto wa mitaani wanaovuta gundi, na mjini Arusha hakuna asiyewaona. Waliwahi kuja wakitaka kununua "kidogo tu, ya mia tano". Siuzi, na makopo yenye masalia siyatupi jalalani. Pia ni marufuku kwangu kuweka gundi au thina kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtu mwenye kiu hasomi, ananyanyua tu.

Sasa jirani, fundi wa mageti, yuleyule aliyetuokoa. Ukuta wetu ni mmoja. Cheche zake zikitoka kwenye grainda zinaruka hadi barabarani. Na nilipoanza kumweleza habari ya mvuke alikuwa mkarimu, akanisikiliza, kisha akaniomba madebe yangu matupu ayakate atengeneze majiko. Nikamwambia hayo ndiyo siwezi kumpa. Debe lililojaa gundi lina nafasi ndogo ya hewa ndani. Debe tupu lina masalia kidogo, mvuke, na hewa tele, yaani mchanganyiko kamili umesubiri cheche. Hakuniamini mpaka aliponikumbusha mwenyewe, kana kwamba ananipinga, pipa alilowahi kulikata kwa moto alipokuwa mwanafunzi wa ufundi, kifuniko kikaenda kuangukia paa la jirani. "Lakini lile lilikuwa la mafuta," akasema. Akanyamaza. Akayaacha madebe. Siku hizi nayaacha wazi kwenye hewa uani hadi masalia yawe mpira mkavu, kisha yanarudi kwa muuzaji.

Afya niliichelewesha, nakiri. Kichwa kuuma jioni tulikuwa tunakiona sehemu ya kazi. Ile karatasi ilinitisha kuhusu heksani: ikivutwa siku nyingi inaharibu neva, vidole vya miguu na mikono vinaanza kufa ganzi, kisha nguvu zinapungua. Washona viatu wa Italia na Japani waliyapata hayo miaka mingi kabla yetu. Nikaacha kununua gundi yenye heksani, ingawa ilikuwa ya bei nafuu na ilikauka haraka. Dada mmoja alikuwa mjamzito, nikamhamishia kwenye shanga, nje kabisa. Na barakoa za kitambaa zilizobaki tangu korona hazizuii mvuke hata chembe, zinazuia vumbi la msasa. Ya kuzuia mvuke ina vichujio vya mkaa, nimenunua moja kwa anayepaka soli, tunabadilisha vichujio. Kunawa mikono kwa thina tumeacha. Sabuni na mafuta ya kupikia vinaitoa gundi, taratibu.

Baridi bado inatusumbua, lakini kwa njia nyingine. Msimu wa unyevu, gundi ikikauka kwenye ngozi inafanya ukungu mweupe, kwa sababu kimiminika kinaporuka kinaipoza ngozi na umande unatua juu yake. Soli ukiibandika hapo itabanduka kwa mteja. Zamani dawa yetu ilikuwa kusogeza viatu karibu na jiko, Mungu atusamehe. Sasa kopo lililofungwa linakaa kwenye beseni la maji ya moto yaliyochemshwa uani, ngozi inaanikwa juani kwanza, na mvua ikishika kweli tunashona tu, hatupaki. Nilijaribu pia gundi ya maji. Kwa bitana inafaa sana, kwa soli ilinichosha kusubiri.

Mtungi wa kuzimia moto, wa unga, kilo 6, unaning'inia mlangoni kwa nje. Uliokuwa ndani nyuma ya debe ungetufaa nini? Pembeni yake tumeandika 114 ya zimamoto kwa rangi nyekundu, na chini kuna ndoo mbili za mchanga ambazo paka wa mtaa ameziona ni choo chake.

Na jirani tumepatana. Kabla ya kuwasha grainda anagonga ukuta mara tatu. Nisipokuwa na gundi wazi nami nagonga tatu, anaendelea. Nikiwa nayo nagonga moja. Jana saa nne aligonga, vijana walikuwa katikati ya jozi 40 za oda ya Karatu. Nikagonga moja. Nikamsikia anaburuta stuli yake hadi barabarani, anamwita muuza kahawa, na kumwambia kwa sauti ya kunifikia, "Nimimine viwili, cha pili kitalipwa na mama wa sendo."